Kikombe kwa Mikono Miwili

Masomo: Marko 7:31-37 na 1 Wakorintho 11:17-34

 

Sisi tunaotumika katika mitaa ya Eastlands, hapa Nairobi, tumezungukwa na majina ya Biblia. Mtaa wa Jerusalem na mtaa wa Jericho ni majirani. Kutoka Jerusalem kwenda Jericho kwetu si kushuka milima yenye wanyang'anyi. Ni mwendo mfupi tu wa miguu, mtu akipita kati ya vibanda vya mboga na mafundi wa viatu. Watoto wa shule ya Jumapili, wasikiapo kwa mara ya kwanza habari za Msamaria mwema, hudhani mambo hayo yalitendeka hapo kituoni. Leo tungependa kuwaeleza jambo lililotupata sisi wenyewe katika njia hiyo. Nasi tuseme tangu mwanzo, ili msije mkatusifu bure: katika habari hii sisi hatukuwa Msamaria. Sisi tulikuwa kuhani na Mlawi.

Katika kanisa letu yuko mama mmoja mjane, wa Umoja wa Akina Mama, ambaye jina lake hatutalitaja. Ana mwana wa miaka 31. Mwana huyo hasemi. Ana sauti tatu tu: moja ya njaa, moja ya furaha, na moja ya hofu, na mama yake huzielewa zote tatu. Huvishwa viatu, huogeshwa, hushikwa mkono avukapo barabara. Madaktari walimweleza mama kwamba mtoto alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, na kwa hiyo akili yake haikukua kama ya wenzake. Wako wengine waliofikia hali hiyo kwa malaria kali au homa ya uti wa mgongo utotoni. Huo si wazimu, wala si pepo. Tunalisema hili wazi kwa sababu ndugu yetu huyu alipelekwa huku na huku kuombewa, na wako walioomba huku wakimpiga kichwani, mpaka akawa mtu wa kuogopa kila mkono mgeni unaomkaribia kichwa.

Zamani watu kama yeye waliitwa majina ambayo hatutayarudia hapa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Basi sisi tutamwita jina alilo nalo kwa ubatizo wake, yaani ndugu yetu.

Kila Jumapili mama na mwanawe huketi benchi la mwisho, karibu na mlango, ili mwana akipiga kelele watoke upesi. Wameketi hapo miaka mingi. Hatukuwahi kujiuliza ni nani aliyewapangia mahali pale.

Mwaka mmoja, tulipotangaza darasa la kipaimara, mama alitungoja baada ya ibada. Akasema, "Mchungaji, naomba mumwandikishe na huyu." Sisi, pamoja na wazee wa kanisa waliokuwa pale, tulitazamana. Tukamwuliza kwa upole, "Mama, ataweza kusema Imani ya Mitume? Ataweza Sala ya Bwana na Amri Kumi?" Akajibu, "Hataweza, Mchungaji." Ndipo tukamwambia maneno tuliyoyaona kuwa ya huruma: kwamba Mungu hatamdai mtu asichompa, kwamba kijana huyu hana hatia, na kwa hiyo hana haja ya kuja mezani kama sisi wengine.

Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mchungaji, siku ya mavuno mlimpakulia pilau hata kabla yangu. Kwa sahani ile hamkumwuliza maswali."

Alisema bila hasira. Sisi tukamjibu, "Mama, tutaliombea jambo hili." Wapendwa, ninyi mnajua, na sisi wachungaji tunajua zaidi, kwamba mara nyingine neno hilo ni kufuli. Tulikuwa tumekwisha kufunga mlango, tukauwekea sala.

Miezi ikapita. Ndipo mzee mmoja wa kanisa akatujia na habari. Jirani wa mama yule, Mkatoliki wa ua mmoja naye, alikuwa akimchukua ndugu yetu kila Jumamosi kwenda ukumbi wa parokia yao, mahali ambapo watu wazima wenye ulemavu wa akili hufundishwa vyombo vya ibada. Mzee akasema, "Mchungaji, kondoo wako anafundishwa kubusu sanamu." Basi tukaondoka, watu watatu, Jumamosi saa nane mchana. Hatukwenda kujifunza. Tulikwenda kumrudisha.

Tulipofika tuliwakuta watu 9 wameketi katika duara, kila mmoja na mzazi au ndugu kando yake. Mwalimu wao alikuwa katekista mmoja, mzee mstaafu wa reli, akisaidiwa na sista. Walitupa viti na uji, nasi hatukuweza kukataa uji wa watu. Wote walikunywa kwa vikombe vya plastiki, kwa fujo ya kawaida: huyu anamwaga, yule anacheka, dada mmoja anagonga kikombe chake mezani kama ngoma. Hakuna aliyemkemea.

Uji ulipokwisha, vikombe vilikusanywa mbele yao, vikaoshwa, vikaondolewa. Meza ikapanguswa. Kitambaa cheupe kikatandikwa polepole. Mshumaa ukawashwa, na katekista akasema neno moja tu, "Nuru." Kisha akangoja. Alingoja muda mrefu, mpaka sisi tuliozoea kusema tukaanza kuona haya. Ndipo akaleta kitu kilichofunikwa, akakifunua, nacho kilikuwa kalisi, yaani kile kikombe cha divai cha Misa, kikiwa kitupu. Akakishika kwa mikono miwili, akasema, "Yesu." Akampa wa kwanza.

Kikombe kikazunguka. Yule dada aliyekuwa akigonga, kilipomfikia, hakukigonga. Alikikumbatia kifuani, akafumba macho. Kilipomfikia ndugu yetu, alikitazama ndani kwa muda. Kisha akageuka, akampa jirani yake kwa mikono miwili, huku ameinama kidogo, kama vile sisi tulivyofundishwa na wazazi kumpa mtu mkubwa kitu cha heshima. Jirani yake huyo alikuwa mzee wetu wa kanisa, yule yule aliyeleta mashtaka. Mzee akakipokea. Angefanya nini?

Baadaye tulizungumza na katekista. Tulimwuliza kwa nini hakuwapa vyombo vya kuchezea, vya plastiki. Akatujibu, "Hawa si watoto, Pastor. Huyu wenu ana ndevu kama zangu. Padre alitupa ruhusa ya kutumia kalisi ya kweli, kwa sababu watu hawa wakidanganywa hujua." Akatueleza utaratibu wake. Kitu kimoja kwa majuma mengi: kwanza msalaba, kisha maji, kisha mshumaa, kisha chetezo chenye harufu ya ubani, kisha patena, yaani kisahani cha mkate, kisha kalisi. Saa ile ile, viti vile vile, na neno moja kwa kila kitu. Anayeweza kushika hushika mwenyewe. Asiyeweza huwekewa mkono chini ya mkono wake. Uji huja kwanza, ili wajue kwa mikono yao tofauti ya kikombe cha njaa na kikombe cha Bwana.

Mwisho tukamwuliza lile lililotuleta: kwa nini alimchukua mtu wa kanisa letu? Akasema, "Hatukumwita aache kanisa lake. Alikuja kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Mkiwa na darasa lenu, Pastor, tutawaletea sisi wenyewe mpaka mlangoni." Tulirudi nyumbani kimya, na ndugu yetu hatukumrudisha.

Wapendwa, njia hii ya kufundisha kwa mkono haikuzaliwa juzi. Maria Montessori, daktari wa Italia, alifanya kazi kwanza miongoni mwa watoto wenye ulemavu wa akili, kabla ya kufungua shule yake mashuhuri mjini Roma mwaka 1907. Huko ndiko alikojifunza kwamba mkono unaweza kuitangulia akili na kuifungulia njia. Mwaka 1954, katika mji huo huo, Sofia Cavalletti, mtaalamu wa Biblia, na mwenzake Gianna Gobbi walianza kuwafundisha watoto mambo ya Mungu kwa njia hiyo, kwa altare ndogo, kikombe kidogo, mishumaa na mavazi ya rangi za majira ya kanisa. Basi angalieni: yale yaliyopatikana kwa wale waliodharauliwa yakawafaa watoto wote. Ndivyo Mungu wetu anavyoyatumia mawe yaliyotupwa na waashi.

Tena mwaka 1910 Papa Pius wa Kumi aliagiza kwamba watoto wapokee Komunyo mapema zaidi, karibu na umri wa miaka 7, mradi waweze kuutofautisha mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida. Na maaskofu Wakatoliki wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 1995 juu ya watu wenye ulemavu, walieleza kwamba tofauti hiyo mtu aweza kuionyesha hata kwa mwenendo wake, kwa ishara, au kwa kunyamaza kwa heshima, si kwa maneno tu. Tulipoyasoma hayo tuliikumbuka ile kalisi, na mikono miwili.

Lakini mzee wetu hakuridhika, naye ni mtu wa Maandiko. Alituletea hoja mbili, na zote ni za haki. Ya kwanza ni ya Warumi 10, kwamba imani hutokana na kulisikia neno la Kristo. Asiyelielewa neno ataaminije? Ya pili ni ya somo letu la leo, 1 Wakorintho 11, kwamba anayekula na kunywa bila kuupambanua mwili hujiletea hukumu. Je, hatumwingizi kijana huyu hatarini?

Tuanze na ya kwanza, na tumtazame Bwana wetu katika Marko 7. Waliletewa Bwana mtu kiziwi, mwenye kigugumizi. Mara nyingi Yesu aliponya kwa neno tu. Mtumishi wa yule akida alipona kwa neno, bila hata kuonekana. Lakini kwa mtu huyu Bwana alifanya mambo mengi ya ajabu. Alimtenga na makutano. Alimtia vidole masikioni. Alitema mate, akamgusa ulimi. Alitazama mbinguni, akaugua. Kisha akasema neno moja tu, Efatha. Kwa nini safari yote hiyo ya vidole na mate? Kwa sababu mtu yule hakusikia! Kama Bwana angemhubiria kwanza, angeyahubiria makutano, na yule mwenye shida angebaki akitazama midomo inayocheza. Yesu alimfuata hata mahali ambapo mlango ulikuwa wazi, nao ulikuwa ngozi yake. Neno halikuachwa, neno lilikuja, moja, baada ya mkono kulitengenezea njia. Basi yule katekista na neno lake moja, "Nuru", alikuwa amekaa karibu na Marko 7 kuliko sisi tulio na maswali yetu yaliyopigwa chapa.

Sasa hoja ya pili. Tulifungua waraka kwa Wakorintho pamoja na mzee wetu, tukauliza: ni nani waliokemewa na Paulo kwa kutoupambanua mwili? Hawakuwa watu wasiojua kusema. Sura ya kwanza yatuonyesha kwamba kanisa lile lilikuwa tajiri kwa usemi na kwa maarifa. Kosa lao lilikuwa hili: walipokutana, wenye chakula walitangulia kula, mmoja akalewa na mwingine akabaki na njaa, na wasio na kitu wakaaibishwa. Walijua maneno yote ya meza, lakini hawakumwona ndugu yao aliyesimama mlangoni. Wafasiri wengine husema kwamba mwili unaotajwa pale ni mkate wa Bwana, na wengine husema ni kanisa. Sisi twaona vigumu kuvitenganisha, kwa maana katika sura inayofuata Paulo anaendelea kuueleza mwili huo kuwa sisi sote, na anasema kwamba viungo vinavyoonekana kuwa dhaifu ndivyo vya lazima zaidi.

Basi, wapendwa, katika habari hii ni nani aliyeshindwa kuupambanua mwili? Ndugu yetu alikishika kikombe kitupu kwa heshima, akampa jirani yake. Sisi tulikuwa na kikombe kilichojaa, tukampita nacho miaka mingi. Mtihani tuliomwekea yeye, sisi ndio tulioanguka.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba hakuna tofauti kati yetu na ndugu zetu Wakatoliki. Katika ukumbi ule watu hufundishwa pia kupiga magoti mbele ya tabernakulo, nasi katika Vifungu vyetu 39 vya Imani, kifungu cha 28, tunakiri kwamba Kristo hakuagiza Sakramenti iwekwe akiba, wala ichukuliwe huku na huku, wala iabudiwe. Tulimweleza katekista hivyo, naye alitusikiliza kwa heshima. Tena twajua kutoka kitabu cha Hesabu kwamba Mungu mwenyewe alimwagiza Musa kutengeneza nyoka wa shaba, ili watu waliokuwa wakifa, wasioweza jambo lolote ila kutazama, watazame wakaishi. Na twajua kutoka 2 Wafalme 18 kwamba baada ya miaka mingi watu waliufukizia uvumba shaba hiyo, na mfalme Hezekia akaivunja. Kitu kinachoelekeza kwa Mungu chaweza kugeuka kikasimama mahali pake. Hatari hiyo ni ya kweli. Lakini Hezekia alivunja shaba. Hakuwakataza watu kutumia macho yao.

Na sisi Waprotestanti tusijidanganye kwamba hatuna vyombo. Hebu mtu aichukue Biblia ya mimbarani akaikalie, mtaona. Tuna birika la ubatizo, mkate na kikombe, kengele, mfuko wa sadaka, pete ya arusi, kitambaa cha kichwa cha Umoja wa Akina Mama. Tena ile Ibada ya Ushirika Mtakatifu ya Kenya, iliyotolewa na kanisa letu mwaka 1989, mwishoni mwake inatufanya sote tuutupe mkono kuelekea msalaba, tukipeleka pale shida zetu, kisha kuelekea mbinguni. Tulipokuwa tukilizungumza jambo hili na mama yule, akatuambia, "Mchungaji, mbona mwanangu hutupa mkono msalabani kila Jumapili? Hamjamwona?" Tulikuwa tumemwona. Tulidhani anaiga tu. Lakini, wapendwa, ni nani kati yetu aliyeanza kwa namna nyingine? Sote tulianza kusali kwa kuiga mkono wa mama.

Basi tulianza darasa dogo katika chumba cha nyuma cha kanisa, Jumapili baada ya ibada. Walikuja wanne, kila mmoja na mtu wake. Tulimwalika mwalimu mmoja mwenye ujuzi wa elimu maalumu atusaidie, na katekista alikuja mara mbili kututia moyo. Tuliweka maji ya ubatizo viganjani mwao. Tuliwapa Biblia kubwa waishike, wasikie uzito wake. Tulimega mkate.

Lakini jambo moja lilitutia hofu. Katika kipaimara askofu huweka mkono kichwani, na ndugu yetu, kama tulivyowaeleza, aliogopa mkono kuliko kitu chochote. Hapo hatukuwa na hoja ya theolojia. Kwa majuma 8 tulimwekea mkono kichwani mara moja tu, kwa upole, mama yake akiwa amemshika mkono, tukasema neno moja, "Baraka", tukauondoa. Juma la kwanza alipiga ile sauti ya hofu, akakimbilia mlangoni. La pili vivyo hivyo. La tano alisimama, akitetemeka. Hatukumlazimisha hata mara moja, na mama alijua kwamba siku yoyote angeweza kusema basi.

Tulimweleza askofu wetu mambo yote mapema. Tulimkumbusha, na yeye alijua kutushinda, kwamba Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 huruhusu mezani si yule tu aliyekwisha kuthibitishwa, bali pia aliye tayari na mwenye hamu ya kuthibitishwa. Hamu! Sisi tulipima ulimi tu. Kumbe kitabu chetu wenyewe chapima na hamu.

Siku ilipofika, jina lake lilitajwa, naye akaja mbele pamoja na mama yake. Askofu aliinama kwanza akamwonyesha kiganja chake wazi. Kisha akakiweka. Kanisa zima lilikuwa kimya, na sisi tulikuwa tukingoja sauti ya hofu. Haikuja. Ndugu yetu aliinamisha kichwa chake. Na kikombe kilipomfikia, alikipokea kwa mikono miwili.

Hatutaki kuwaambia kwamba mambo yote yamekwisha vizuri. Ndugu yetu bado hupiga kelele wakati wa mahubiri, na wako watu waliohama benchi. Yule mzee wetu bado ana mashaka juu ya jambo hili, naye ni ndugu tunayempenda. Lakini kila Jumapili ndiye anayewatengea nafasi mbele, yeye kando yao. Na mama anazeeka. Magoti yanamsumbua. Alituuliza swali ambalo wazazi wa namna hii hulala nalo kila usiku: "Nikiondoka mimi, atashikwa mkono na nani?" Sasa vijana wawili wa kanisa humfuata nyumbani kila Jumapili na kumvusha barabara. Hilo si jibu lote, lakini ni mwanzo wa jibu. Mtu aliyeletwa mezani ni mtu wa nyumba hii, na mtu wa nyumba hatelekezwi mama yake akifa.

Basi, wapendwa, ninyi wa makanisa mengine, hebu fanyeni hivi. Jumapili ijayo tazameni benchi la mwisho, karibu na mlango, mwone ni nani aliyeketi pale na kwa nini. Kisha ulizeni katika nyumba zenu za jirani, kwa maana wengine hawajafika hata kwenye benchi hilo. Wamefungiwa chumbani kwa sababu familia inaona haya. Msiwaite watoto, ikiwa ni watu wazima. Wasalimuni kama mnavyowasalimu rika zao. Wafundisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja, kitu cha kweli, kwa saa ile ile na kwa neno lile lile, na jifunzeni kungoja. Msimshike mtu kwa nguvu kwa jina la maombi. Tafuteni walimu wenye ujuzi. Kenya ina taasisi ya kuwafunza walimu wa elimu maalumu, KISE, tangu mwaka 1986, na baadhi ya walimu waliopita pale huenda wanaketi katika makanisa yenu bila kuulizwa neno. Na kama jirani yenu wa kanisa jingine amewatangulia katika wema huu, msione haya kujifunza kwake. Bwana wetu alipotaka kumfundisha mwanasheria jirani ni nani, alimpa mfano wa mtu ambaye ibada yake Wayahudi waliikataa.

Na tuombe.

Ee Bwana Yesu, uliyetia vidole katika masikio ya kiziwi, tusamehe sisi tuliofunga mlango na kuuita mlango huo huruma. Uwabariki wote wasioweza kulitaja jina lako, lakini wanalijua. Uwatie nguvu mama zao na baba zao wanaochoka. Uwabariki wote wanaowafundisha, katika kanisa letu na katika makanisa ya jirani zetu. Utufundishe kukipokea kikombe chako kwa mikono miwili, na kumpa aliye kando yetu. Amina.

Mungu awabariki. Kwaherini.